Kubisha hodi bila kupiga simu: ni kafyu iliyoua desturi hii, au tulishaiua wenyewe?

#1 Mkaazi wa Kibokoni
Salaam wakuu. Nina dai, mnipinge.

Kabla ya Machi 2020, hapa Mji wa Kale Mombasa mtu akitumwa mkate wa mofa baada ya alasiri alirudi isha, na hakuna aliyeshtuka. Baraza la kwanza ameambiwa "kaa", amekaa. La pili kuna ubishi wa mpira, ametia neno lake. Mbele kidogo mjomba amemwita amshikie ngazi abadilishe balbu. Hakuna hata kimoja kilichopangwa. Leo kijana wangu akitaka kwenda kwa binamu yake, vichochoro viwili kutoka hapa, anamtumia ujumbe: "Upo? Naweza kuja?" Na binamu anajibu: "Leo siwezi, labda Jumamosi." Binamu! Labda Jumamosi!

Mimi nasema ni kazi ya kafyu ya corona. Ulikuwa ukitoka, askari anakuuliza unaenda wapi na kufanya nini. Ukiulizwa hivyo mwaka mzima, unaanza kujiuliza mwenyewe kabla hujavaa ndara. Kafyu imeondoka, swali limebaki. Au ninyi mnaonaje?

#2 chai_ya_rangi
Nimewahi siti ya mbele.

Ila mkuu, dai lako lina tundu. Sisi Dar hatukuwekewa kafyu hata usiku mmoja. Shule zilifungwa Machi 17, vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1, waliobaki Juni 29. Masoko, misikiti na makanisa havikufungwa. Rais alikataa kabisa habari ya kufungia watu ndani. Tulichopata ni ndoo za maji ya kunawa kila mlango, kujifukiza, na kusalimiana kwa miguu baada ya Magufuli na Maalim Seif kuonekana Ikulu wakigonganisha viatu. Na bado leo hakuna anayekuja kwangu Tabata bila kupiga simu.

Kama kafyu ndiyo iliyowaua ninyi, sisi katuua nani?

#3 Kahawa Chungu
Katuua Tabata yenyewe mkuu. Nani aje Tabata na foleni ile bila kuhakikisha upo?

#4 Kondakta Mstaafu
#2 usijisahau, daladala zenu zilikuwa levo siti, hakuna kusimama. Hiyo nayo ilikuwa kafyu, ila ya kiti.

Mimi nilikuwa kondakta Nairobi, gari ya abiria 14. Tukaambiwa tubebe 8. Viti vingine tuliviwekea alama ya X kwa utepe mweupe. Sasa niwape siri ya biashara: wapo abiria wa kwenda na kurudi, na wapo wa kushuka ghafla. Huyu wa pili amekaa dirishani, anamwona mtu wake kando ya barabara, anagonga bati: "Shukisha hapo!" Anashuka, wanaongea, baadaye anapanda gari nyingine kwa ishirini. Tulipobeba nusu, nauli ikakaribia mara mbili, na hakukuwa na ile gari nyingine ya kupanda kwa ishirini. Mtu akipata kiti hakiachii. Unaona kabisa amemtambua rafiki yake pale stejini, anampungia mkono kupitia kioo, anabaki kukaa.

Idadi kamili ya abiria ilirudishwa Agosti 2021. Nauli nyingi hazikurudi. Mimi naona mtu hakosi hamu ya kumtembelea mwenzake, anakosa nauli ya kubahatisha.

#5 mwl_Tarehe
Habari za jioni. Kabla watu hawajaanza kusema kafyu ilidumu miaka mitatu, tuweke sawa.

Kenya: kafyu ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Juni 7 ikasogezwa saa tatu usiku. Mwisho wa Septemba saa tano. Novemba ikarudishwa saa nne. Machi 26, 2021, kaunti tano (Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru) zikafungwa na kafyu yao ikawa saa mbili usiku, hadi mwanzoni mwa Mei. Ikaondolewa kabisa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa. Kwa hiyo, #1, ile ya saa moja mnayoilaani ilidumu kama miezi miwili na kidogo.

Lakini ukweli wa pili unaunga mkono dai lako: Mei 6, 2020, Mji wa Kale wenu na Eastleigh ya Nairobi vilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzo wa Juni. Ninyi mlionja zaidi yetu.

Na mniruhusu niongeze maoni. Shida haikuwa saa moja. Shida ilikuwa saa kubadilika. Huwezi kuzoea kukaa kwa mtu ikiwa kila hotuba inakuja na saa mpya. Kila ugeni uliisha kwa watu kutazama simu zao na kufanya hesabu ya barabara. Mnakumbuka Aprili 17, 2021, Thika Road? Magari yalizuiwa baada ya saa mbili, watu wakakwama usiku wakiwemo wagonjwa. Aliyekuwa kwenye foleni ile hakuhitaji tena kuambiwa arudi nyumbani mapema.

#6 Mkaazi wa Kibokoni
Ahsante mwalimu. Umegusa Mei ile, na ilikuwa Ramadhani.

Magharibi kwetu ilikuwa inaingia kwenye saa kumi na mbili na robo, kafyu saa moja. Dakika arobaini na tano za kufuturu, kuswali na kuwa ndani. Sasa, kila aliyelelewa pwani anajua kuhusu sahani. Jua likikaribia kuzama, watoto wanapishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kitambaa: kaimati kwa mama fulani, tambi kwa bibi wa kona, na sahani hairudishwi tupu. Mwaka ule mke wangu alipika kaimati kwa kipimo kilekile cha miaka yote, maana mkono ulikuwa umezoea, tukazila wenyewe hadi siku ya pili.

Misikiti ilipofunguliwa Julai, sharti lilikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na umri kati ya miaka 13 na 58. Baba yangu alikuwa na 61. Aliswali nyumbani huku adhana anaisikia dirishani. Baadaye masharti yalipolegezwa alirudi msikitini, lakini ile tabia ya kukaa nje na wenzake baada ya swala haikurudi. Anaswali, anavaa viatu, anakuja zake.

#7 Mama Wawili
Mnazunguka sana. Ni GETI.

Plot yetu Kasarani, kabla ya corona geti lilikuwa linafungwa usiku wa manane, na hata hapo ukibisha mlinzi anafungua. Kafyu ilipokuja likafungwa saa moja. Kafyu ikasogea, geti likasogea nyuma yake shingo upande. Kafyu ikaondolewa, geti likabaki saa nne. Mwenye nyumba alisema "usalama umeimarika".

Halafu kuna daftari. Mwanzoni lilikuja na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso: jina, namba ya kitambulisho, unaenda nyumba gani, umeingia saa ngapi. Kipima joto kiliharibika hakikununuliwa kingine. Daftari liko la tatu sasa. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kitasa cha geti, na mlinzi anakupigia simu: "Kuna mgeni hapa anasema ni dada yako, nimruhusu?" Siku moja simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Dada yangu akaambiwa mwenyewe hashiki simu, hawezi kuingia. Nilikuwa ndani, napika, taa inawaka anaiona.

#8 Kahawa Chungu
Mama Wawili, hakika simu iliisha chaji, au uliona ni zamu ya dada kukopa?

#9 Mama Wawili
Kahawa Chungu kaa mbali na familia yangu 😂

#10 binti_Ukonga
Nimesoma uzi wote kimya, sasa ngoja niseme.

Naona wanaume wanalilia hodi. Baraza, kahawa, sahani, "kaa kidogo". Nauliza tu: nani alikuwa anapika?

Mimi ndiye mtoto wa kike mkubwa nyumbani kwetu. Mgeni wa ghafla maana yake nilikuwa nimeshapakua ubwabwa wa watu sita, nasikia sauti mlangoni, nachukua kijiko napunguza kila sahani kidogo kidogo ili itokee ya saba. Yangu ndiyo niliyoanza kuipunguza. Kisha natumwa soda dukani. Kisha mgeni anasema "mimi sikai", anakaa hadi taarifa ya habari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama jioni ile nilikuwa na mtihani kesho yake.

Corona ilipokuja, kwa mara ya kwanza maishani mwetu mama alipata neno la kusema mlangoni. "Tusamehe, tunajikinga, kuna mzee ndani." Na watu wakaelewa! Hakuna aliyenuna! Najua #2 anasema hatukufungiwa, na ni kweli, lakini hodi zilipungua kwa sababu mwenye nyumba alipata udhuru unaokubalika. Na ukishaonja kula chakula chako kikiwa cha moto, hurudi nyuma.

Kwa hiyo aliyetuua Dar, kama mnavyoita, ni sisi tuliokuwa jikoni. Na sijutii.

#11 chai_ya_rangi
Duh.

#12 Mkaazi wa Kibokoni
#10 dada, hoja nzito, naipokea. Lakini kwetu mgeni wa baraza haingii ndani. Anakunywa kahawa, anakula kashata, anaondoka. Hakuna anayepikiwa.

#13 binti_Ukonga
Na kashata zinaota barazani?

#14 Bi Mkubwa wa Matrah
Salaam kutoka Muscat. Mwanangu binti_Ukonga umesema kweli ya jikoni, mimi nina kweli ya mlangoni.

Huku Matrah ilifungwa Aprili 1, 2020, na siku chache baadaye mkoa mzima wa Muscat. Julai mwishoni, Idi ya kuchinja, ikawa hakuna kutembea usiku nchi nzima, saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sisi wenye asili ya Unguja tulikuwa na mtindo wetu, asubuhi baada ya wanaume kwenda kazini, wanawake tunapitiana. Leo kwangu, kesho kwa jirani, hakuna orodha. Ukisikia harufu ya mandazi unaingia. Mama yangu hakuwa na gari wala hakujua kuendesha, na akitaka kwenda sokoni alimsubiri kaka. Kupitia kwa jirani ndiyo safari pekee aliyokuwa haombi ruhusa wala kueleza sababu.

Ilipokatazwa, wanaume waliporuhusiwa walirudi kazini, misikitini, kwenye kahawa zao. Mama alirudi wapi? Jirani mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe, mwingine alizoea kuzungumza kwa simu. Kwa hiyo wewe uliyekuwa binti wa jikoni ulipumzika, na haki yako. Aliyekuwa mama wa nyumba alipoteza njia yake ya kutoka.

#15 binti_Ukonga
Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo sina la kujibu, isipokuwa hao wanaume wangeweza kumfundisha kuendesha.

#16 Bi Mkubwa wa Matrah
Marahaba. Hapo mimi sina la kujibu.

#17 Boda wa Ntinda
Wakenya mnalia kafyu ya saa moja? Njooni Uganda niwape darasa. Machi 25, 2020 usafiri wa umma ukasimamishwa. Siku chache baadaye hata magari binafsi. Mtu akiugua usiku, gari haliondoki bila kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Sisi wa boda tukaambiwa tubebe mizigo tu, abiria marufuku.

Nikabeba matoke, mkaa, katoni za sabuni. Fedha kidogo ilipatikana, siwezi kukataa. Lakini gunia haliongei. Abiria wangu wa zamani alikuwa anaweza kusema katikati ya safari, "Pinda hapo kushoto kwanza nimsalimie senga, tutaendelea." Nilikuwa najua nusu ya mashangazi wa Kampala kwa mtindo huo. Na wengine walinipa chai.

Kafyu yetu iliondolewa Januari 24, 2022. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki mbili kabla, baada ya karibu miaka miwili. Sasa hivi abiria wengi wananiita kwa programu ya simu. Sehemu ya kushuka imeshaandikwa kabla hajapanda. Akitaka kupinda kwa shangazi bei inabadilika, basi hapindi. Mimi siilaumu corona peke yake. Naona corona ilifungua mlango, programu ikaingia na kukaa.

#18 Mtu wa Birere
Jambo wote. Miye niko Goma. Kwetu mpaka na Gisenyi ya Rwanda ni barabara ya kuvuka tu, tunaita Petite Barrière. Mbele ya corona watu walivuka kwa maelfu kila siku na jeton, kikaratasi cha siku moja. Asubuhi mama anapeleka kitu sokoni ng'ambo, mchana anarudi, jioni anakumbuka kuna harusi kwa dada yake anavuka tena.

Sasa wale mnaosema ni woga wa ugonjwa: sisi tulikuwa na Ebola kabla yenu. Mwaka 2019 mgonjwa alipatikana hapa mjini. Pale mpakani tulinawa maji ya klorini, tulipimwa joto, na tuliendelea kuvuka. Woga haukukata mguu. Kilichokata ni Rwanda kufunga mpaka Machi 2020 na kuufungua kwa watu wa kawaida Machi 7, 2022. Miaka miwili mtu anamwona ndugu yake ng'ambo ya waya. Wauzaji wadogo walilazimika kujiunga pamoja, mzigo unavuka, wenyewe wanabaki. Biashara ilipata dawa. Kumsalimia dada hakukupata dawa.

#19 mwl_Tarehe
#18 asante, huu ndio mfano unaotenganisha ugonjwa na amri. Sasa #2 wa Dar anatenganisha upande wa pili: ugonjwa bila amri. Na majibu hayafanani. Wacha tuone.

#20 Mswahili wa Leicester
Mji wangu ulifungwa kabla ya miji mingine ya England kufungwa kivyake, mwisho wa Juni 2020, wakati wengine wanafunguliwa. Septemba ikaja sheria ya watu sita. Familia yetu ni saba. Tulikuwa halali tukiwa wote nyumbani kwetu, ila shangazi akiingia tu tumevunja sheria.

Kila kitu kikawa cha kuweka nafasi: kuogelea, maktaba, hata swala ya Ijumaa unachagua zamu kwenye simu. Mengi yamerudi kawaida, lakini bwawa la mtaani kwetu hadi leo huingii bila kuweka nafasi, hata likiwa tupu. Nimesimama pale kaunta naona maji yametulia, msichana ananiambia nafasi inayofuata ni saa kumi.

Na usisahau ile ya baa. Ukitaka bia lazima ule mlo kamili. Waziri mmoja akaulizwa kama yai lililovikwa nyama ya kusaga linahesabika kuwa mlo. Akasema huenda linahesabika.

#21 Kahawa Chungu
Hahaha, Nairobi ilikuwa soseji! Unaagiza soseji moja inakaa mezani kutoka saa nane hadi jioni, haiguswi, ni kibali. Mhudumu mmoja alikuwa anaipitisha meza hadi meza. Ndiyo maana mwisho wa Julai wakapiga marufuku pombe kwenye mikahawa.

#22 Mama Wawili
Soseji yenye miguu. Corona haikukupata kweli?

#23 Dereva wa Masafa
Naleta kinyume cha uzi. Kwetu sisi wa malori ughafla ULIZIDI.

Mei 2020 mambo yaliharibika mipakani. Tunapimwa, tunasubiri majibu siku nyingi, msururu wa malori Malaba unaenda kilomita na kilomita. Namanga vurugu tupu, dereva ana cheti cha nchi moja nchi ya pili haikitaki. Hapo ndipo nilipowajua watu. Zamani tulikuwa tunapishana tu, unapiga honi unakwenda. Sasa mmesimama wiki, huyu ana jiko la gesi, yule ana unga, Mrundi ana harage lililoungwa vizuri sijawahi kuona. Hakuna aliyemwalika mwenzake.

Lakini upande wa pili: vijijini tulionekana sisi ndio ugonjwa wenyewe. Mama niliyekula kwake chapati miaka yote alinionyesha kwa mkono nisishuke. Akaniwekea chakula juu ya jiwe, akarudi nyuma, nikaweka pesa palepale. Hadi leo nikipita ananichangamkia sana, kupita kiasi, na mimi nacheka. Lakini sishuki kama hana wateja wengine.

#24 Kijana wa Umoja
Naunga mkono #23. Mimi mke nilimpata kwa sababu ya kafyu. Nilipeleka mtungi wa gesi kwa rafiki, saa tatu ikapita tunabishana, ikabidi nilale hadi alfajiri. Dada yake naye alikuwa amekwama humohumo. Tulicheza karata hadi saa kumi. Bila kafyu ningeweka mtungi mlangoni niende.

#25 Kahawa Chungu
Rafiki yako alirudishiwa pesa ya gesi?

#26 Kijana wa Umoja
Tuliikata kwenye mahari.

#27 chai_ya_rangi
Narudi kwenye swali langu maana mnalikwepa. Geti halikubadilika Dar, kwangu hakuna geti hata la kusukuma. Nauli haikupanda kama ya #4. Mpaka hakuna. Jikoni nimekubali nusu, kwa sababu hata wanaume wanaoishi peke yao, ambao hawapikii mtu, hawatembelewi. Mimi nadhani tumezeeka tu, tunaisingizia corona. Mwaka 2019 nilikuwa kapera, kijiwe kila jioni. Leo nina watoto wawili na mkopo.

#28 mwl_Tarehe
Umri hauelezi kijana wa #1. Huyo hajazeeka. Ila hesabu: kama sasa ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, Machi 2020 alikuwa shuleni. Kenya shule zilifungwa katikati ya Machi. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba 12, waliobaki Januari 4, 2021. Katika umri wa kujifunza kuzurura, alikuwa chumbani na simu ya mama yake.

#29 Mkaazi wa Kibokoni
Mwalimu, simu ilikuwa yangu, na bando lilikuwa langu. Nimemuuliza leo. Anasema yeye haoni kilichopotea. Anasema kuingia kwa mtu bila kumwuliza ni kumkosea adabu, na kwamba mimi ndiye ninayemwaibisha nikifika kwa wakwe zake bila taarifa. Nikamwambia wakwe zake nimewajua kabla hajazaliwa. Akasema hata hivyo.

#30 binti_Ukonga
Mpe huyo kijana akaunti humu tumsikie.

#31 Mama Wawili
Nasubiri kuuliza jambo la maana. Kuna yeyote aliyefanikiwa kumshawishi mwenye nyumba arudishe geti saa sita? Lete mbinu.

#32 Kondakta Mstaafu
Sisi wa mtaa wa Pipeline tulijaribu. Wapangaji wote walikubali. Mwenye nyumba akasema sawa, ila kila nyumba ichangie mia mbili kwa mwezi za mlinzi wa usiku. Kikao kikavunjika hapohapo. Nyumba za juu zinasema hazina wageni, kwa nini zilipie za chini.

#33 Mama Wawili
Mia mbili? Kwetu angesema mia tano. Niandikie kwa faragha mlianzaje hicho kikao.